Kwa Nini Msaada wa Maafa Kutoka kwa Hasimu Hupimwa Kabla ya Kupokelewa

Wakazi wa Ifakara wanaujua Mto Lumemo. Mvua zikikaza katika milima ya Udzungwa, maji hushuka hadi mjini, na aliyezingirwa na mafuriko haulizi mtumbwi ni wa nani. Serikali, kwa upande wake, haina budi kuuliza.

Mfano ulio wazi zaidi katika ukanda wetu ni wa mwaka 2000. Ethiopia ilikumbwa na ukame mkali, hasa Ogaden, huku ikiwa na vita na Eritrea vilivyoanza Mei 1998. Kabla ya vita, sehemu kubwa ya shehena zake ilipitia bandari ya Assab nchini Eritrea; baadaye ikahamia Djibouti. Ndipo Serikali ya Rais Isaias Afwerki ilipotangaza kuwa tayari kuifungua Assab ili chakula cha msaada kipite. Addis Ababa ilikataa, ikiiona ahadi hiyo kuwa hila. Hesabu zake hazikuwa ngumu. Ethiopia ingekubali, hasimu angeshika mlango wa chakula chake, na bandari iliyodorora ingepata kazi. Ingekataa, ingeonekana kutanguliza kiburi mbele ya wenye njaa. Mtoa ahadi alinufaika kwa vyovyote. Mei mwaka huo mapigano makali yalianza upya.

Baada ya kimbunga Katrina kuipiga Marekani tarehe 29 Agosti 2005, Rais Fidel Castro wa Cuba naye alijitolea kupeleka madaktari zaidi ya 1,500. Hawakupokelewa. Hata hivyo, nia ya kisiasa haiufanyi msaada kuwa bandia: miezi michache baadaye madaktari wa Cuba walikuwa Pakistan, wakiwatibu majeruhi wa tetemeko la ardhi.

Bonde la Kilombero lenyewe linapitiwa na ushahidi wa aina hiyo, ingawa haukuhusu maafa. Reli ya TAZARA ilikosa wafadhili wa Magharibi, walioiona haina faida. China ilikubali mwaka 1967, kwa mkopo usio na riba, wakati ikitafuta marafiki katika ushindani wake na Marekani na Muungano wa Kisovieti. Nia hiyo ilifahamika, na reli ikajengwa. Lakini mwaka 1965, Ujerumani Magharibi iliposimamisha msaada wake wa kijeshi kwa sababu ya uwakilishi wa Ujerumani Mashariki nchini, Mwalimu Nyerere aliitaka iondoe pia msaada mwingine wa serikali yake. Wote wawili walikuwa na maslahi. Aliyekataliwa ni yule aliyetaka kutuchagulia marafiki.

Leo uratibu wa misaada ya maafa uko chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, kwa mujibu wa Sheria ya Menejimenti ya Maafa ya mwaka 2022, pamoja na kamati za maafa hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Ahadi iliyotangazwa si shehena iliyofika. Mwananchi anayetaka kujua kilichopokelewa aanzie kwenye kamati ya eneo lake.