Azotobacter: mikrobe inayolisha udongo, lakini haipendi uchachu



Azoti ndiyo inafanya majani ya mahindi na sombe yawe ya kijani. Hewa imejaa azoti, karibu 78 kwa mia, lakini mmea hauwezi kuichukua hivi hivi. Kuna mikrobe za udongo zinazoitengeneza. Moja ni Azotobacter, na mbolea za chupa zenye jina hilo zinauzwa katika nchi nyingi. Kabla ya kutoa franka za ushirika, tuijue kwanza.

Mholanzi Martinus Beijerinck aliielezea mwaka 1901. Ni ukoo wenye aina kadhaa: A. chroococcum ndiyo inajulikana zaidi, A. paspali inapenda mizizi ya nyasi ya paspalumu. Ukiitazama kwa mikroskopu, ina umbo la yai ama la mpira. Kwa bakteria ni kubwa: 500 hivi zikipangwa mstari zinafika milimita moja. Nyingi zinaogelea kwenye maji ya udongo kwa vimkia vyembamba. Udongo ukikauka, inajivika ganda nene na kungoja mvua. Tena haikai ndani ya vinundu vya mizizi kama mikrobe ya karanga na soya, inajitegemea.

Shida iko wapi? Inataka hewa, mabaki ya mimea, na udongo wenye pH karibu na 7. Chini ya 6 inapatikana kwa shida. Sasa huku kwetu Kisangani, mpaka Yangambi, mvua ya karibu milimita 1,800 kwa mwaka imeosha chokaa, na udongo mwingi ni mchachu. Katika udongo kama huo wa nchi za joto, kazi hiyo inafanywa zaidi na ukoo mwingine, Beijerinckia, unaovumilia uchachu. Kumwaga Azotobacter humo ni kama kutupa samaki kwenye mchanga.

Basi tufanye hivi:

- Tupime pH kabla ya kununua.
- Tupunguze uchachu kwa majivu ya jikoni ama chokaa, kidogo kidogo.
- Tusichome majani yote. Tuyaoze yawe mboji, ndiyo chakula cha mikrobe.
- Tupande karanga, soya ama kunde kwa zamu na muhogo.
- Muuzaji akija, tumuombe chupa moja ya kujaribu. Tugawe shamba mara mbili, upande mmoja na dawa, mwingine bila, halafu tupime mavuno kwa kilo.

Mizani ndiyo itasema kama chupa inastahili pesa yetu.