Gari Jipya Likiwa na Kasoro, Kikundi Kifanye Nini?

Vikundi vingi vya kujisaidia vimefika mahali pa kununua gari lao wenyewe. Wengine wanataka pikapu ya kupeleka maziwa kwenye kituo cha kupozea, wengine wanataka gari la kubeba mahindi, au viti na hema za kukodisha. Gari jipya kutoka kwa kampuni ni ghali. Pesa hizo ni michango ya miaka, mia kwa mia, na mara nyingi kuna mkopo juu yake ambao wanachama wamewekeana dhamana. Kwa hivyo tumeonelea tueleze jambo ambalo halizungumzwi sana mikutanoni: hilo gari likitoka dukani na mkwaruzo, au likianza kusumbua mwezi wa kwanza, mtafanyaje?

Watu hudhani gari jipya haliwezi kuwa na ugonjwa. "Si limetoka kampuni?" Lakini hebu fikiria safari yake. Pikapu na malori mengi mapya yanayouzwa Kenya huja yakiwa vipande ndani ya makasha, kisha huunganishwa hapa hapa nchini, Thika, Mombasa au Nairobi. Baadaye huegeshwa uwanjani, pengine miezi kadhaa, jua likiyapiga na mvua ikiyanyeshea. Halafu huendeshwa au kubebwa mpaka kwa mwuzaji. Aliyekaza bolti ni binadamu, na aliyelishusha kutoka kwenye lori ni binadamu pia.

Kuna mambo mawili hapa, na ni vizuri kuyatenganisha. Kasoro ni ubaya uliotoka kiwandani: giaboksi inayolia, injini inayovuja mafuta, waya uliounganishwa vibaya. Uharibifu ni yale yaliyolipata gari baadaye: mlango uliobonyea, kioo chenye ufa, rangi iliyokwaruzwa. Kasoro hutengenezwa chini ya waranti hata baada ya miezi. Uharibifu hauna bahati hiyo. Mkishatia sahihi na kutoka getini, mwuzaji atawauliza, "Mna hakika halikugongwa huko kwenu?" Na nyinyi mtajibu nini?

SIKU YA KULICHUKUA

Msitume mtu mmoja. Nendeni watatu: mwenyekiti au mweka hazina, dereva atakayeliendesha, na fundi mnayemwamini. Mlipe fundi nauli na siku yake, haitawafilisi. Nendeni asubuhi, kukiwa na mwanga, na mkatae kupokea gari wakati wa mvua au jioni, kwa sababu bodi iliyolowa maji huficha mikwaruzo yote.

Anzeni na makaratasi. Namba ya chesi na namba ya injini zilizo kwenye gari ziwe ndizo zilizo kwenye ankara na kwenye hati za usajili. Herufi moja ikikosewa, mtasumbuka kwenye bima na kwenye usajili. Kisha zungukeni gari polepole. Tazameni rangi kwa kuinama, macho yakiwa usawa na bodi. Rangi iliyorudiwa huonekana tofauti kidogo, na mara nyingine utaona matone yake kwenye mpira wa dirisha. Nafasi kati ya boneti na bodi iwe sawa pande zote mbili. Ikiwa upande mmoja unaingiza kidole na mwingine hauingizi, ulizeni kwa nini. Kwenye tairi kuna tarakimu nne ndani ya alama ndogo ya duara: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1823 maana yake ni wiki ya 18 ya mwaka 2023. Gari jipya lenye tairi za miaka minne limekaa mahali fulani muda mrefu, na betri yake pia imekaa.

Someni mita ya kilomita. Chache ni kawaida, lakini zikiwa mia kadhaa, mwuzaji awaeleze liliendeshwa na nani. Washeni taa zote, honi, wipa. Tafuteni jeki, spana na gurudumu la akiba. Kisha dereva aliendeshe pamoja na mtu wa duka, apite mahali penye matuta, afunge breki, aingize gia zote pamoja na ya kurudi nyuma. Mkirudi, chungulieni chini kama kuna kitu kinachodondoka.

Sasa hapa ndipo vikundi vingi huanguka. Mmeona mkwaruzo kwenye mlango. Kijana wa mauzo anasema kwa adabu sana, "Mama mwenyekiti, hiyo ni kitu ndogo. Endeni nayo, mkirudi kwa sevisi ya kwanza tutawapakia rangi." Wanachama wanangoja nyumbani na ngoma, mbuzi ameshachinjwa, nani atataka kurudi mikono mitupu? Lakini maneno ya mdomo hayana sahihi. Mwambieni hivi: "Sawa kijana wangu, tuandikie hapo kwenye hati ya makabidhiano." Aandike mkwaruzo uko wapi, una urefu gani, utatengenezwa lini na kwa gharama ya nani. Atie sahihi, apige muhuri, nanyi mbaki na nakala. Akikataa kuandika, hiyo ni habari tosha. Kama kasoro ni kubwa, mnaweza kukataa kulipokea gari siku hiyo. Mbuzi ataliwa tu.

Pigeni picha kwa simu, za pande zote, kabla ya kutoka getini.

WARANTI NI NINI HASA?

Waranti ni ahadi ya mtengenezaji kwamba kwa muda fulani atatengeneza kasoro za kiwandani bila malipo. Huandikwa kwa miaka na kwa kilomita, na kinachotangulia ndicho kinachofunga. Pikapu ya maziwa inayokwenda kilomita 150 kila siku itamaliza kilomita 100,000 kabla ya miaka miwili kwisha. Kwa hivyo msihesabu kalenda peke yake.

Vitu vinavyoisha kwa kutumika, kama breki, klachi na raba za wipa, kwa kawaida havimo. Tairi na betri mara nyingi zina waranti yake mbali, ya waliozitengeneza. Na kuna mambo yanayoweza kuipoteza waranti yenu kabisa: kukosa sevisi kwa wakati, kufanya sevisi mahali ambapo kitabu hakiruhusu, kupakia kupita kiasi, na kukata waya ili kufunga redio au king'ora. Fundi wa jua kali anaweza kuwa hodari kuliko wa kampuni, tunamjua na tunamheshimu, lakini muhuri wake hautakubaliwa kwenye kile kitabu cha sevisi. Ngojeeni waranti iishe ndipo mrudi kwake.

Wengine huichanganya waranti na bima. Bima kubwa hulipa gari likigongwa au likiibwa. Haitengenezi giaboksi iliyotoka kiwandani ikiwa mbovu.

KASORO IKITOKEA NYUMBANI

Tuseme pikapu yenu ina wiki sita, na injini inachemka kila ikipanda mlima. Kwanza, dereva asiendelee kuliendesha ati mpaka soko liishe. Injini ikifa kwa joto, mwuzaji atasema nyinyi ndio mmeiua, na pengine atakuwa na haki. Lisimamisheni, mpigie duka simu siku hiyo hiyo, mwulize walichukue au mlipeleke. Msiruhusu mtu mwingine afungue kitu chochote.

Mkifika, gereji itaandika kadi ya kazi. Isomeni kabla ya kuacha ufunguo. Ikiwa mmelalamika injini inachemka na fundi ameandika "sevisi ya kawaida", akosoe, kwa sababu kadi hiyo ndiyo ushahidi wenu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Gari likirudishwa mara tatu kwa ugonjwa ule ule, na kadi tatu zinasema hivyo, hakuna atakayewaambia mnaota.

Kisha katibu aandike barua. Si ya matusi wala ya kulia. Mfano ni huu:

"Kwa meneja. Tarehe (andika) tulinunua kwenu gari lenye namba ya chesi (andika). Tangu tarehe (andika) injini imechemka mara nne. Tumelileta kwenu tarehe hizi (andika) na kadi za kazi tumeambatanisha. Kasoro ingalipo. Tunaomba mlitengeneze kikamilifu bila malipo, au mbadilishe sehemu iliyo mbovu, katika siku 14. Kwa sasa tunakodisha gari lingine la maziwa kwa shilingi (andika) kila siku, na risiti tunazo. Tunangoja jibu lenu kwa maandishi."

Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Meneja wa tawi akinyamaza, barua ya pili iende makao makuu ya kampuni. Mara nyingi mambo huishia hapo, kwa maana makao makuu hawapendi keleleza za tawi ziwafikie wateja wengine.

SHERIA INASEMAJE?

Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ni ya zamani lakini ina nguvu: kifungu cha 16 kinadai kwamba bidhaa iliyonunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayeuza bidhaa za aina hiyo iwe ya hali nzuri ya kuuzika. Halafu kuna Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012. Haki hizi hazitoki kwenye kitabu cha waranti, kwa hivyo mwuzaji anayesema "waranti haina hicho" hajamaliza maneno.

Lakini sheria ya Sura ya 31 ina miiba miwili. Mkikagua gari, hamwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha. Ndiyo maana tumesisitiza fundi aangalie vizuri, si kupita tu. Mwiba wa pili ni kukaa kimya. Mnunuzi akikaa na gari muda mrefu bila kusema analikataa, huhesabiwa kuwa amelikubali. Hapo bado anaweza kudai fidia, lakini kulirudisha na kudai pesa yote inakuwa vigumu sana.

Malalamiko ya kudanganywa na mwuzaji yanaweza kupelekwa kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya. Dai lisilozidi shilingi milioni moja, kama gharama ya kutengeneza na ya kukodisha gari lingine, linaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Nairobi mwaka 2021 na kuenea sehemu nyingine. Huko si lazima kuwa na wakili, na sheria yake inataka kesi imalizwe kwa siku 60. Dai la gari zima huenda likapita kiasi hicho, na hapo ni mahakama ya hakimu, na afadhali mwone wakili. Dai la mkataba lina miaka sita, lakini msingoje hata mmoja.

Na mkopo? Hili ni la kusikitisha lakini lazima lisemwe. Gari likiwa gerejini, benki bado inataka pesa yake. Mkiacha kulipa kwa hasira, benki italichukua gari, na mwuzaji hatahusika. Iandikieni benki mapema, mwombe nafuu ya mwezi mmoja au miwili, mkiambatanisha zile kadi za kazi. Mweka hazina aziandike gharama za kukodisha gari lingine kwenye ukurasa wake peke yake, zisichanganywe na mafuta ya kila siku, kwa kuwa ukurasa huo ndio mtakaouonyesha meneja, au hakimu.

Siku mtakayoitwa kulichukua gari likiwa limetengenezwa, msitie sahihi ofisini. Dereva alipandishe mlima kwanza, likiwa na mzigo ikiwezekana, na ile spea mbovu iliyotolewa ombeni muione.