Njia ya mbao, maji ya bamvua na kiti cha magurudumu

Rainham, mashariki mwa London kando ya mto Thames, ni mahali ambapo kwa miaka mingi wanajeshi walijifunza kulenga shabaha. Mwaka 2000 shirika la Uingereza la kulinda ndege, RSPB, liliinunua ardhi hiyo oevu kutoka Wizara ya Ulinzi, na mwaka 2006 ikafunguliwa kwa umma. Leo hata aliye katika kiti cha magurudumu hupita katikati ya matete, kwa sehemu juu ya njia za mbao, pasipo kuponda kiota wala mmea.

Njia ya namna hii ikijengwa ufukweni huzua mvutano. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, lilikadiria mwaka 2021 kwamba kufikia mwaka 2100 usawa wa bahari huenda ukapanda kwa kati ya sentimita 28 na mita moja hivi. Mhandisi, basi, hutaka kuiinua njia. Lakini kila mita moja ya kimo, kwa mteremko mwanana wa moja kwa ishirini, hudai mita 20 za kupandia, mbali na mahali pa kupumzikia.

Rainham mvutano huo si mkali, kwa kuwa ukuta wa mto huyazuia maji ya Thames. Gazi, kusini mwa Mombasa, mambo ni mengine. Huko kinamama wa kijiji huendesha njia ya mbao ipitayo ndani ya mikoko, na ada ya wageni ni sehemu ya riziki yao. Katika mikoko maji hujaa na kupwa chini ya mbao, pamoja na viumbe wa baharini watoboao miti, wale wale ambao mafundi wa majahazi hupambana nao kwa deheni. Ubao mmoja ukioza, kijana huuruka. Mwenye kiti cha magurudumu safari yake imekwisha. Wafadhili, kwa bahati mbaya, huvutiwa zaidi na ujenzi kuliko ukarabati.

Nafasi kati ya mbao nayo ina hesabu yake. Ikiwa pana, gurudumu au mkongojo hunasa. Ikizibwa, miche iliyo chini hukosa mwanga. Hivyo mbao hulazwa kukingama na mwendo, zikiachiwa mwanya mwembamba.

Na nguzo zikiachwa ndefu kupita sakafu, sakafu yaweza kuinuliwa miaka ijayo bila kuchimba matope tena. Mteremko nao utabidi urefushwe, kwa hiyo nafasi ya kuurefushia huachwa wazi tangu siku ya kwanza.