Programu Ikikosea Wakia ya Dhahabu: Usibahatishe, Isimamishe Uitazame

Makongolosi, mji wa wachimbaji wilayani Chunya, mkoani Mbeya, unaishi kwa gramu. Dhahabu ya Lupa imechimbwa tangu miaka ya 1920, na mpaka leo jasho lote la shimoni na kwenye karasha la kusagia mawe huishia juu ya mizani. Mwaka 2019 serikali ilianzisha masoko ya madini nchini, Chunya ikiwamo, ili dhahabu ipimwe na kuuzwa hadharani. Hesabu ya uzito, usafi na bei ya siku ni kazi ya sekunde moja kwa programu ya simu au kompyuta. Programu hiyo ikiwa na kosa, kuna mtu atakayeumia bila kujua.

Tuchukue mfano wa programu fupi iliyoandikwa kwa lugha ya Python. Inapokea uzito na usafi wa dhahabu, inatafuta kiasi cha dhahabu safi, inakigeuza kuwa wakia, kisha inazidisha kwa bei ya soko la dunia. Tuipe gramu 50 zenye usafi wa asilimia 92 na, kwa wepesi wa hesabu, tuseme wakia moja ni dola 2,000. Programu inajibu: dola 3,245. Haikwami wala haitoi onyo. Lakini ukikokotoa mwenyewe kwa kikokotoo unapata dola 2,958. Mnunuzi anayeiamini atalipa dola 287 za ziada. Kosa likielekea upande wa pili, atakayepunjwa ni mchimbaji.

Wengi wakifika hapo huanza kubahatisha. Hubadilisha mstari huu, wakajaribu, wakagusa na ule, mpaka kosa moja linazaa matatu. Njia ya uhakika ni kuisimamisha programu ikiwa kazini na kutazama kila namba iliyoishika. Chombo cha kazi hiyo huitwa dibaga, na Python huja na ya kwake, pdb, bila malipo yoyote.

Unaandika breakpoint() mahali unapotaka programu isimame, tuseme kabla tu ya gramu kugeuzwa kuwa wakia. Ukiiendesha, inafika hapo na kutulia, ikisubiri amri yako. Andika p safi, nayo inakuonyesha thamani ya kigeu kinachoitwa safi: 46.0. Gramu 50 mara 0.92 ni 46 kweli, kwa hiyo mistari yote iliyotangulia haina hatia. Andika n, isogee mstari mmoja. Andika p wakia: 1.62, kwa desimali mbili. Kikokotoo chako kinasema 1.48. Kosa limo katika mstari mmoja uliopitwa sasa hivi, na ukiusoma unakuta gramu zimegawanywa kwa 28.35. Hiyo ni wakia ya kawaida ya kupimia vyakula. Dhahabu hupimwa kwa wakia ya troi, yenye gramu 31.1035. Unasahihisha namba hiyo moja, unaiendesha tena, na jibu linatoka 2,958.

Ufundi uko katika kuchagua pa kusimama. Weka kituo katikati ya programu: namba zikiwa sahihi, kosa liko mbele, zikiwa mbaya, liko nyuma. Igawe tena nusu iliyobaki. Kwa mwendo huo hata programu ya mistari 1,000 inayofuatana hubanwa hadi mstari mmoja kwa vituo takriban 10. Mchimbaji mzoefu hufanya vivyo hivyo anapochukua sampuli kabla na baada ya kila hatua ili ajue dhahabu yake inapotelea wapi.

Programu inasimamaje katikati ya mwendo? Katika pdb, mkalimani wa Python, yaani programu inayoisoma na kuitekeleza mistari yako, huiarifu dibaga kila anapokaribia kutekeleza mstari, nayo huamua kusimama au kupita. Kwa programu zilizokwisha kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, dibaga kama GDB, iliyoanzishwa na Richard Stallman mwaka 1986, hutumia mtego. Kwenye prosesa za Intel huondoa baiti moja ya amri mahali ulipochagua, ikaihifadhi, na kuweka namba 204 badala yake. Prosesa ikikutana na namba hiyo husimama, na mfumo endeshi huikabidhi dibaga usukani. Ukitaka kuendelea, baiti ya asili hurudishwa.

Makosa ya vipimo hayawapati wanaoanza peke yao. Mwaka 1999 Marekani ilipoteza chombo cha Mars Climate Orbiter kilipofika sayari ya Mirihi, kwa sababu programu moja ilitoa namba katika vipimo vya Kiingereza na nyingine ikazipokea kana kwamba ni vya metriki. Hapo pia programu haikugoma. Ilikokotoa kwa utiifu namba zisizo sahihi.

Ndiyo maana dibaga peke yake haitoshi. Inaweza kukuonyesha 1.62, lakini haijui kwamba ilipaswa kuwa 1.48. Anayejua ni yule anayeifahamu dhahabu na mizani yake. Vijana wanaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, na popote pengine, wajifunze kutumia dibaga tangu programu yao ya kwanza, kisha wakae na watu wa mizani kabla ya kuwaandikia programu. Nawe unayenunua au kuuza, usiiamini programu yoyote ya bei kabla hujaipa uzito mmoja ambao jibu lake umelikokotoa mwenyewe. Majibu yakipishana, usiuze wala usinunue kwa hesabu hiyo mpaka mstari wenye kosa upatikane.