Madaktari Wanapokutana, Kangema Inapata Nini?

Habari za hospitali hufika haraka kwenye stendi ya Kangema, Murang'a: nani amelazwa, nani ameambiwa akanunue dawa nje, daktari gani hayupo. Daktari akiwa hayupo, mara nyingi utasikia, "Ameenda mkutano." Maneno hayo huzaa mengine. Na siku hizi kwenye makongamano ya madaktari nchini hayazungumzwi magonjwa peke yake, kuna pia bima, usimamizi wa hospitali, sheria na ajira. Tuyachambue yanayosemwa, moja baada ya jingine.

1. "Makongamano ya madaktari ni matembezi tu ya Pwani."

NUSU KWELI. Ni kweli kwamba hoteli za Mombasa hupokea makongamano mengi, na kampuni za dawa huweka mabanda yao humo. Hilo linafaa kuangaliwa kwa jicho kali, maana anayegharamia karamu hutaka kusikilizwa. Lakini masomo yenyewe ni ya lazima. Leseni ya daktari nchini Kenya huhuishwa kila mwaka, na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, hudai alama zinazothibitisha kwamba ameendelea kusoma. Kongamano ni mojawapo ya njia za kupata alama hizo. Daktari wako akirudi, muulize amejifunza nini.

2. "Daktari mzuri hahitaji kujua hesabu."

SI KWELI. Chukua mfano wa glavu. Katika hospitali yoyote, mama anafika kujifungua, anahudumiwa vizuri, anarudi nyumbani na mtoto. Baadaye karani anajaza dai la bima na kukosea tarakimu moja ya kitambulisho. Dai linarudishwa. Malipo yanachelewa, na aliyeleta glavu anakataa kuleta nyingine kwa deni. Wiki chache baadaye mama mwingine anaingia na uchungu, na mumewe anatumwa mbio kwenye duka la dawa ng'ambo ya barabara akanunue glavu za mkunga. Tarakimu moja imefika hadi chumba cha kujifungulia.

Daktari anayeongoza kituo asipojua dai hufuatiliwaje, au stoo huhesabiwaje, ujuzi wake wote wa tiba utakwama mlangoni. Ndiyo maana somo la usimamizi linastahili nafasi kongamanoni sawa na somo la moyo au figo.

3. "Pesa tunazolipa hospitalini humezwa na kaunti."

ILIKUWA KWELI KWINGI, LAKINI SHERIA IMEBADILIKA. Huduma za afya zilipogatuliwa mwaka 2013, kaunti nyingi zilikusanya mapato ya hospitali kwenye mfuko wao mkuu. Hospitali ikawa inatafuta pesa kwa mkono mmoja na kuziomba kwa mwingine. Oktoba 2023 zilitiwa saini sheria nne za afya, na mojawapo inataka mapato ya kituo cha umma yabaki kituoni na yatumike kuboresha huduma pale pale. Basi mwananchi wa Kangema ana haki ya kuuliza: mwaka huu kituo chetu kimekusanya ngapi, na zimenunua nini?

4. "Nikishajisajili SHA, nimemaliza."

SI KWELI, na hapa ndipo watu wengi huumia. SHA, yaani Mamlaka ya Afya ya Jamii, ilichukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya taifa, tarehe 1 Oktoba 2024. Ukijisajili, unapata huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya bila kulipa. Kulazwa au kupasuliwa katika hospitali kubwa ni jambo jingine, maana huko sharti uwe umelipa mchango. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hukadiriwa kulingana na hali ya nyumba yake, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mkulima wa chai hapokei mshahara wa kila mwisho wa mwezi kama karani. Bonasi inapotoka na karo imetengwa, tenga na mchango huu kabla homa ya mapafu haijabisha hodi.

5. "Hospitali haiwezi kumfukuza mgonjwa wa dharura kwa kukosa pesa."

KWELI. Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu yeyote asinyimwe matibabu ya dharura. Likumbuke hilo usiku ule mtu wa boda boda anapoletwa amevunjika mguu na mfuko wake hauna kitu.

6. "Sera ya afya ni ya madaktari na wakubwa wa Nairobi."

SI KWELI, na Kangema ina ushahidi wake. John Michuki, aliyekuwa mbunge wa hapa, hakuwa daktari. Akiwa Waziri wa Uchukuzi alisimamia sheria za matatu zilizoanza kutekelezwa Februari 2004: mikanda, vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa, na abiria kukaa kwa idadi ya viti. Watu waliziita Sheria za Michuki. Zilihusu barabara, lakini mfupa usiovunjika hauhitaji daktari wa mifupa. Hiyo ni sera ya afya iliyoanzia nje ya wodi.

Leo Nairobi hutunga sera ya taifa na kuendesha hospitali kuu za rufaa. Zahanati, vituo vya afya na hospitali kama ya Kangema ziko chini ya Kaunti ya Murang'a: kuajiri, kununua dawa, kupanga bajeti. Na kabla bajeti hiyo haijapitishwa, sheria inataka wananchi waulizwe maoni. Kikao cha maoni hayo ndicho kongamano letu. Hakina hoteli wala alama za leseni, na viti vyake mara nyingi hubaki wazi kwa sababu tuko shambani au tumekata tamaa. Siku kikitangazwa tena, nenda na swali moja: glavu ziko ngapi stoo? Ukiliuliza mbele ya watu, mkunga atakushukuru, na mama anayekuja kujifungua hatalazimika kumtuma mumewe ng'ambo ya barabara.