Injini ya Mfano na Rangi Yake

Watu wengi waionapo injini ndogo ya mvuke, iliyofanyizwa kwa mfano wa ile ya kweli na kuwekwa juu ya reli za mezani, hudhani ya kuwa ustadi wote wa aliyeipaka rangi umo katika mkono usiotetemeka na brashi iliyo nyembamba. Ilhali mkono ni mtumishi tu, na bwana wake ni maarifa ya ile injini kubwa: ilijengwa kwa kazi gani, ilichoma nini, ilipita katika nchi ya namna gani, na katika mwaka upi wa umri wake inaonyeshwa.

Natutwae mfano ulio karibu nasi, nao ni injini za aina ya 59 za Reli ya Afrika Mashariki, 34 kwa idadi, zilizojengwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock katika miaka ya 1955 na 1956, zikapewa majina ya milima yetu, ili zivute shehena nzito kutoka Mombasa mpaka Nairobi, mji ulio juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600. Zilikuwa za mtindo wa Garratt, yaani boila na kibanda cha dereva vimening'inizwa baina ya seti mbili za magurudumu, tangi la maji likiwa mbele, na mafuta yakichukuliwa nyuma. Rangi yao iliyozoeleka ni damu ya mzee. Mbili zingaliko katika Jumba la Makumbusho ya Reli la Nairobi, nambari 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Na atakaye kuzifanyia mfano hana budi kuzitazama, ila akumbuke ya kuwa chuma cha makumbusho ni shahidi mwaminifu wa umbo kuliko wa rangi, maana rangi yake huenda ilirudiwa baada ya injini kustaafu.

Kazi yenyewe huanza kwa kuondoa, si kwa kuongeza. Katika kipimo cha 1 kwa 87, tabaka la rangi lenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita ni sawa na karibu milimita 9 juu ya injini ya kweli, unene uwezao kuzifukia ribiti zote zisionekane. Kwa hiyo kupaka rangi mpya juu ya kuukuu aghalabu ni kuupoteza ufundi wa aliyeuchonga mwili huo. Mwili wa shaba nyeupe hustahimili dawa kali ya kuondolea rangi, bali wa plastiki huweza kuyeyushwa nayo. Huo huhitaji spiriti iliyo pole, tena ijaribiwe kwanza upande wa ndani usioonekana. Kisha mwili huoshwa kwa sabuni na maji, ukakaushwa, wala usiguswe tena kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi huizuia rangi kushika.

Rangi ya msingi hutangulia, na kwa shaba yafaa ile yenye asidi kidogo inayong'ata chuma. Baadaye rangi yenyewe hupulizwa kwa bomba dogo la hewa, tabaka jembamba juu ya jembamba, kila moja likingojewa likauke. Hapa pana siri moja: kitu kidogo huonekana cheusi kuliko kikubwa chenye rangi ile ile, hata rangi iliyopimwa kwa uaminifu kabisa ikaonekana nzito mno mezani, ndiyo sababu mafundi huichanganya na nyeupe kidogo. Nyuso za magurudumu zikanyagazo reli ziachwe tupu, maana ndimo umeme upitamo kuiendea mota.

Kabla ya kubandika nambari na herufi, mwili hupakwa vanishi ya kung'aa, kwani juu ya uso usiong'aa, wenye chembechembe, hewa hunaswa chini ya utando wa herufi, ikaacha weupe unaofichua ubandikaji. Herufi zikikwisha kutulia, ndipo vanishi isiyong'aa inapofuata na kuyafunika yote.

Linabaki jambo linalowashinda wengi, nalo ni uchafu. Injini hizi za aina ya 59 zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Basi anayelundika makaa nyuma yake, au kumwaga majivu ya kijivu chini yake, ameisingizia. Masizi yake ni meusi, nayo hukaa juu ya boila na juu ya paa la kibanda, ambako moshi hupita. Weusi unaometa uwe penye mdomo wa tangi la mafuta, ambako humwagika wakati wa kujaza. Michirizi myeupe ya chokaa iwe chini ya vizibo vya boila, ambako maji huvuja, hukauka na kuacha chumvi zake. Kahawia ya kutu iwe penye breki. Na vumbi jekundu la nyika ya Tsavo liwe chini, likififia kadiri linavyopanda. Vilevile injini ya mwaka 1956, iliyotoka kiwandani juzi, haiwezi kuchakaa kama ile ya miaka ya sabini iliyokuwa ikingoja kuondolewa kazini. Kwa hiyo mwaka huchaguliwa kwanza, na picha za mwaka huo zikafuatwa.

Kanuni, basi, ni fupi, nayo yamtosha mwanafunzi na fundi pia: kabla ya kuweka doa, jiulize limeletwa na nini, likikosa jibu, lifute, hata kama limekaa vizuri machoni.