HATARI YA KUZIDISHA UZITO KATIKA PIKAPU ZINAZOVUTA TELA

Katika ukanda wa machimbo ya dhahabu, kuanzia Kahama na Kakola mkoani Shinyanga hadi Katoro, Nyarugusu na Geita, pikapu ni chombo cha kazi kwa mchimbaji mdogo, mfanyabiashara na mtumishi wa Serikali. Hubeba mafuta, saruji, maji, matimba ya kuegemeza mashimo na mawe yanayopelekwa kwenye karasha. Aghalabu pikapu hiyo hiyo hufungwa tela lenye kompresa au jenereta. Maelezo haya yanatolewa ili watumishi na wananchi waelewe namna uzito unavyozidi bila dereva kutambua.

Inafaa ieleweke kwanza kwamba mizani za barabarani si kinga kwa vyombo hivi. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwezi Machi 2019, inahusu magari yenye uzito wa jumla wa kilo 3,500 au zaidi. Pikapu nyingi za tani moja ziko chini ya kiwango hicho. Kwa hiyo hesabu ya uzito humwangukia dereva na yule anayemtuma.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba uzito wa tela hubebwa na tela lenyewe. Sivyo. Kanuni inayofuatwa na mafundi ni kwamba takriban sehemu moja ya kumi ya uzito wa tela hukaa juu ya ndoano ya pikapu, na sehemu hiyo ni mzigo wa pikapu. Tuchukue mfano wa pikapu inayoruhusiwa kubeba kilo 1,000. Watu watatu wana kilo 210. Pipa la dizeli la lita 200 lina kilo 190 hivi pamoja na pipa lenyewe. Mifuko 10 ya saruji ina kilo 500. Jumla ni kilo 900, na dereva huona bado ana nafasi. Akifunga tela la kilo 1,500, ndoano hupokea kilo 150, na jumla hufika 1,050. Kiwango kimepita kabla safari haijaanza.

Madhara hayaishii hapo, kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli na hufanya kazi kama wenzo. Ikiwa ndoano iko mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na ekseli mbili za pikapu zimeachana kwa mita 3, kilo 150 hizo hukandamiza magurudumu ya nyuma kwa kilo 210 na kuyapunguzia yale ya mbele kilo 60. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoongoza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Yakiwa mepesi, usukani hulegea, hasa juu ya changarawe au udongo wa mbuga wakati wa mvua.

Kinyume chake nacho ni hatari. Mzigo ukirundikwa nyuma ya ekseli ya tela, pua ya tela huinuka, magurudumu ya nyuma ya pikapu hupoteza mshiko, na tela huanza kuyumba huku na huku hata kuipindua pikapu.

Wapo wanaoongeza springi ili gari lisilale. Ni kweli kwamba gari husimama wima, lakini breki, ekseli, matairi na klachi hubaki vile vile. Springi huondoa dalili tu. Vilevile mwendo ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 80, nguvu ambayo breki hupaswa kuizima huongezeka zaidi ya mara mbili na nusu. Na tela nyingi ndogo hazina breki zake. Wanaoumia zaidi ni vibarua wanaopandishwa juu ya mzigo, kwani hawana mkanda wala ukuta wa kuwazuia.

Kwa hiyo madereva na wasimamizi wa magari wanakumbushwa yafuatayo:

(a) Kusoma kibao cha uzito kilichobandikwa na mtengenezaji, na kujumlisha watu, mafuta, mzigo na uzito wa ndoano.

(b) Kupima mzigo kwa kilo, si kwa macho. Lita 1,000 za maji ni tani moja; na mita moja ya ujazo ya mawe yaliyovunjwa hupita tani moja, ingawa bodi yaweza kuonekana nusu tupu.

(c) Kupanga mzigo mzito karibu na ekseli ya tela, kiasi kidogo mbele yake, na kuufunga imara.

(d) Kukagua ndoano, pini, minyororo ya usalama, taa na upepo wa matairi kabla ya kuondoka.

(e) Tela likiyumba, kuachia mafuta polepole na kushika usukani wima; si kukanyaga breki kwa ghafla.

(f) Kutopakia watu juu ya mzigo wala ndani ya tela.

Mkuu wa kazi anayeamuru mzigo wote uende kwa safari moja aelewe kwamba anashiriki wajibu wa dereva. Safari ya pili hugharimu mafuta. Mzigo uliozidi waweza kugharimu maisha ya watu waliotumwa kazini.